Umejuaje? Kumsomea Mtoto Historia Pamoja na Hadithi Yake

Mtoto akimaliza hadithi iliyomkolea huuliza, "Hii ilitokea kweli?" Wengi wetu humjibu harakaharaka. Kitabu chenye mazungumzo na michoro tunakiita hadithi tu. Chenye miaka na ramani tunasema hicho ndicho cha kweli. Jibu hilo humharibia vitabu vyote viwili. Huondoka akidhani hadithi ni porojo, na kitabu cha historia kimeshushwa kutoka mbinguni.

Liko swali bora zaidi, nalo aulizwe mwandishi: umejuaje? Aliyeandika historia anapaswa kulijibu. Aliyeandika hadithi ya kihistoria naye hasameheki, ingawa atajibu kwa namna yake. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hasomi tena kwa kuamini au kukataa kitabu kizima. Husoma mstari kwa mstari, akipima. Yanayofuata hapa ni namna ya kumzoesha, na mifano nimeichukua Dodoma na nyanda za kati, kwa sababu historia ya kulinganisha ni rahisi zaidi kuipima pale ambapo mtoto anaweza kwenda kugusa mawe yake.

Chagua tukio kabla ya kuchagua vitabu

Walimu wengi wanaotaka kulinganisha aina hizi mbili huchukua kitabu chochote cha historia na hadithi yoyote ya zamani, kisha huwaambia watoto wataje tofauti. Watoto hutaja zile zinazoonekana kwa macho: hiki kina picha, kile hakina, hiki kina wahusika, kile kina tarehe. Somo limeisha na hakuna aliyejifunza kitu. Ulinganisho huanza kuwa na maana pale kurasa mbili zinaposimulia jambo lilelile, mahali palepale, mwaka uleule. Kwa hiyo anza na tukio.

Kanda ya kati haina upungufu wa matukio. Misafara ya Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikatiza Ugogo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Njaa kubwa ya Mtunya iliwapiga watu kati ya 1917 na 1920. Kongwa ilikuwa na mradi wa karanga wa Waingereza kuanzia 1947, na miaka michache baada ya uhuru ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Chamwino ilipigiwa matofali na Mwalimu Nyerere akiwa pamoja na wanakijiji. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Lolote kati ya hayo litakutosha kwa muhula mzima ukilishika vizuri, nami ningekusihi ushike moja tu.

Ningekuwa ninaanza leo, ningeanza na misafara. Sababu ni kwamba walioandika juu yake walikuwa na hasira, na maandishi ya mtu mwenye hasira ni shule nzuri sana.

Msafara ukitoka pwani ulipita Mpwapwa, ukavuka Marenga Mkali, nyika iliyojulikana kwa kukosa maji, ukaingia Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake. Wote walikutana na watemi wa Kigogo waliodai hongo: nguo zilizohesabiwa kwa doti, shanga, waya. Doti moja ilikuwa takriban yadi nne, na nguo iliyopendwa ilikuwa merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Stanley analalamika karibu kila kituo. Kwake hongo ni unyang'anyi.

Sasa waulize watoto: Stanley anadanganya? Hapana. Doti alizotoa alizihesabu kweli, maana zilikuwa mali yake na zilimuuma. Kitabu chake si cha kubuni. Lakini alisimama upande mmoja wa kisima. Upande wa pili alikuwapo mwenyeji katika nchi ambayo mvua yake kwa kawaida huwa chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji ya kiangazi yalichimbwa kwenye mchanga wa makorongo na kulindwa. Msafara wa mamia ya watu pamoja na punda wao ungeweza kunywa kwa siku mbili maji ya kijiji kizima. Ukilitazama kutoka huko, hongo ni bei ya maji na ruhusa ya kupita. Mtoto wa Mvumi au Bahi aliyewahi kuamshwa alfajiri kupanga ndoo kwenye foleni ya bomba hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Hapo ndipo hadithi ya kihistoria inapopata kazi yake. Mtemi aliyepokea doti zile hakutuachia kitabu. Wafanyabiashara wa pwani angalau waliandika. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na unaweza kuwasomea watoto wa darasa la saba vipande vyake ili waone kwamba si wazungu peke yao waliosimulia safari za bara. Msichana aliyekuwa akiteka maji kisimani hakuna aliyemwuliza. Akitakiwa azungumze, itabidi abuniwe. Swali linabaki: abuniwe vipi bila kudanganya?

Kurasa mbili na mistari ya aina tatu

Usisubiri vitabu kamili. Hadithi za kihistoria za watoto zinazohusu Ugogo sijaziona nyingi madukani, na shule yenye kitabu kimoja kwa dawati moja inajua hali ilivyo. Andika mwenyewe kurasa mbili fupi juu ya tukio ulilochagua, moja ya historia, nyingine ya hadithi, uzibandike ubaoni. Huu hapa mfano wangu juu ya reli. Ukurasa wa kwanza:

*Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakati nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi ngumu ya kuchimba tuta na kubeba vyuma ilifanywa na vibarua Waafrika wengi. Baada ya treni kuanza safari, misafara ya miguu ilipungua sana.*

Na wa pili:

*Ndahani aliwaacha mbuzi wa babu yake wakaingia kwenye mtama wa watu. Hakuwaona. Macho yake yalikuwa kwenye moshi mweusi uliokuwa ukija kutoka mashariki, na nyayoni alisikia ardhi ikitetemeka. "Babu," aliita, "lile lina kwato ngapi?" Mzee hakujibu. Alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili, akiwahesabu kimoyomoyo vijana waliokwenda kubeba vyuma na hawakurudi.*

Wasomee kwa sauti mara mbili, kisha wape kazi. Wapige mstari mmoja chini ya kila jambo linaloweza kuthibitishwa kwa maandishi, picha au kitu kilichobaki. Wapige mistari miwili chini ya jambo ambalo huwezi kulithibitisha kwa mtu huyu, lakini lilikuwa la kawaida kwa watu wa mahali na wakati huo. Wapige mstari wa mawimbi chini ya jambo lililobuniwa moja kwa moja. Kama kuna kalamu za rangi, tumia rangi. Kama hakuna, mistari inatosha, na darasa la watoto 80 linaweza kufanya kazi hii kwa kuitwa ubaoni wawili wawili.

Kwenye hadithi wataanza vizuri. Moshi kutoka mashariki: mstari mmoja, kwa sababu reli ilitoka upande wa Morogoro. Mvulana kuchunga mbuzi, mtama shambani: mistari miwili. Ndahani mwenyewe na swali lake la kwato: mawimbi. Watakwama kwenye vijana wasiorudi, na ni vizuri wakwame. Waache wabishane. Je, vibarua walikufa? Walitoroka? Walibaki Morogoro wakaoa huko? Mwandishi ameweka mstari wenye deni, na anadaiwa ajue jambo fulani kuhusu maisha ya vibarua wa reli kabla ya kuuandika. Asipojua, aufute au aubadilishe.

Halafu warudishe kwenye ukurasa wa historia na mistari ileile. Hapo darasa huchangamka. Miaka ni mstari mmoja, sawa. Lakini "wengi" ni wangapi, na nani aliwahesabu? "Ilipungua sana" amejuaje? Labda kuna takwimu za forodha za Bagamoyo, labda mwandishi amekisia kwa akili ya kawaida tu. Watoto hugundua kwamba ukurasa waliouona kuwa wa kweli mtupu nao una mistari miwili ndani yake. Wakishaliona hilo wenyewe, nusu ya safari imekwisha, na wewe hukulazimika kuhutubia.

Wa darasa la kwanza na la pili usiwape mistari. Wao waulize swali moja tu baada ya kila ukurasa: nani alikuwapo akaona?

Hadithi ikitangulia, au historia?

Hakuna kanuni moja ya kipi kitangulie, lakini ninao msimamo. Jambo la huzuni lianze na hadithi. Jambo la sababu na hesabu lianze na historia.

Chukua Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilifika huku kwa miguu: Waingereza waliingia Kondoa mwaka 1916, na Julai mwaka huohuo wakaichukua Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, ghala hazikuwa na kitu na nguvukazi ilikuwa imetawanyika. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo, anataja makadirio ya watu 30,000 waliokufa kati ya wakazi wapatao 150,000. Mtoto wa miaka kumi atafanya nini na 30,000? Ataiandika kwenye daftari. Kwa hiyo anza na kaya moja ya kubuni, yenye majina, yenye mama anayelazimika kuamua mbegu ya uwele iliwe au ihifadhiwe. Mtoto akishawajali watu watano, mweleze kwamba katika kila kaya tano kama hizo, kwa makadirio, walikufa watu wa idadi ya kaya moja. Sasa namba ina uzito.

Lakini angalia hadithi inavyokwisha. Waandishi wa watoto, nami ninawaelewa, hupenda wote waokoke: mjomba hutokea na gunia, mvua hunyesha ukurasa wa mwisho. Hadithi moja ya namna hiyo haina ubaya. Zikiwa zote hivyo, mtoto hufundishwa kwamba Mtunya haikuua mtu. Weka mwisho wa hadithi kando ya makadirio na uwaulize watoto kama vinaweza kukaa pamoja. Tena uwe mpole: katika darasa lako huenda wamo walioshinda njaa wiki iliyopita, na hakuna sababu ya kumfanya mtoto kuwa mfano wa somo.

Mradi wa karanga wa Kongwa ni kinyume chake. Ukianza na hadithi ya kijana na trekta, watoto watacheka trekta likikwama na hawataelewa kwa nini lilikwama. Waanzie kwenye hesabu: Uingereza iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, Kongwa ikiwa ya kwanza, mashine zilizotumika vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta, mizizi ya vichaka iliyovunja majembe, udongo unaokauka ukawa mgumu hata karanga hazing'oki, mvua zisizotosha. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Baada ya hapo ndipo hadithi ya kijana na trekta inachekesha na kuuma kwa pamoja.

Na hapohapo waulize nani aliyekosekana kwenye ukurasa wa historia. Maandishi mengi ya Kongwa yametoka kwa maofisa na waandishi wa habari wa Uingereza, maana fedha zilizopotea zilikuwa zao. Mzee wa Kigogo aliyeliona jembe la chuma likivunjika, akiwa anaijua ardhi ile tangu utotoni, hatajwi kwa jina. Hilo ni shimo la kweli kwenye historia, na hadithi inaweza kulionyesha shimo hilo hata kama haiwezi kulifukia.

Vitu vidogo vinavyomuumbua mwandishi

Watoto hupenda kumkamata mtu mzima akikosea, kwa hiyo watumie. Wape hadithi ya zamani, ya kununua au ya kwako, na uwaambie watafute kilichoingia kabla ya wakati wake. Mhusika wa mwaka 1871 anayekula zabibu za Dodoma amekosea, kwa kuwa zabibu zililetwa na wamisionari katika karne ya 20. Anayelipwa shilingi mwaka 1910 amekosea. Wakati wa Mjerumani zilikuwa rupia, na shilingi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Anayesema "nchi yetu ya Tanganyika" mwaka huohuo naye amekosea, kwa sababu jina hilo la nchi lilitolewa na Waingereza mwaka 1920. Nyumba iwe tembe lenye paa la udongo, si msonge wa nyasi uliochorwa kwa sababu mchoraji hajafika Ugogo.

Mchezo huu unaonekana kuwa wa kubughudhi waandishi, na kidogo ndivyo ulivyo. Faida yake ni kwamba mtoto, ili ajue kwamba zabibu hazikuwapo, lazima akafungue kitabu cha maarifa au aulize. Hadithi imempeleka kwenye historia bila wewe kumsukuma.

Jambo jingine la kukagua ni midomo ya watu wa kweli. Kanuni yangu ni kali: mtu aliyeishi kweli, hasa aliyeacha hotuba na maandishi yake, asitiwe maneno makubwa ya kubuni mdomoni. Ukiandika hadithi ya Chamwino, Mwalimu Nyerere aonekane akipiga tofali, ajibu salamu, ajifute jasho. Falsafa ya ujamaa usimtungie. Anazo za kwake, zimechapishwa, na mtoto akikumbuka ya kwako badala ya zake utakuwa umempotosha kwa jina la fasihi. Mweke mbele mtoto wa kubuni, mkubwa apite nyuma. M. M. Mulokozi alipowaandikia vijana kuhusu zama za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, katika vitabu kama *Ngome ya Mianzi*, aliandika hadithi za kihistoria zinazosomeka pamoja na tarehe zinazojulikana: vita vya Lugalo Agosti 1891, Kalenga kuanguka Oktoba 1894, Mkwawa kufa Julai 1898, fuvu lake kurudishwa 1954. Uhehe ni jirani wa Ugogo, kwa hiyo shule ya Dodoma isiyo na hadithi ya kwake inaweza kuanzia hapo.

Kwa walimu wa sekondari kuna mfano safi zaidi. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa tamthilia yake ya *Kinjeketile* ya mwaka 1969, anamweleza msomaji waziwazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani amebuniwa, si yule wa historia ya Maji Maji mwenyewe. Huo ndio uungwana ninaoutaka kutoka kwa kila anayemwandikia mtoto. Kinyume chake kipo kwenye *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kilichosomwa mashuleni kwa miongo mingi. Kinasimulia watumwa waliokombolewa na kupelekwa Freretown, Mombasa. Kina watu wa kweli, kina mwendo wa hadithi, na kinamsifu Mwingereza kupita kiasi. Hakikuonyesha wapi masimulizi ya wazee yanaishia na sauti ya mwandishi inaanzia. Kisomeni, ila na kalamu mkononi.

Kapu la tatu

Mtoto wa huku haji shuleni mikono mitupu. Amekwisha kusikia kwamba Dodoma ilipata jina kwa tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Ukimuuliza aiweke hadithi hiyo upande gani, historia au kubuni, usimlazimishe. Masimulizi ya wazee hayakutungwa na mwandishi mmoja aliyekaa akabuni, wala hayana hati ya kuyathibitisha. Yawekee kapu lake: inasemekana. Atambue nani alimwambia, naye aliambiwa na nani, na kama kijiji cha pili wanasimulia vinginevyo.

Kapu hilo limewahi kuzaa vitabu vikubwa. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma anayejulikana zaidi kwa ngonjera, aliandika *Historia, Mila na Desturi za Wagogo* iliyotoka mwaka 1954. Alizaliwa mwaka 1917, yaani Mtunya ikianza. Wazee aliowasikiliza akikua walikuwa walionusurika. Ernest Kongola, mwalimu aliyestaafu, alikusanya kwa miaka mingi historia za koo za Ugogo na baadaye akashirikiana na Maddox kwenye kitabu cha mwaka 2006. Wote wawili walianza kwa kusikiliza. Kwa mtoto wa darasa la sita, kujua kwamba historia iliyochapishwa ilitoka kwenye kinywa cha bibi wa mtu ni habari kubwa.

Mkiweza, fikeni Kolo, wilayani Kondoa. Michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 ni historia bila maandishi. Watoto watauliza wachoraji walikuwa wakifanya nini, na kila jibu la mtaalamu litaanza na "huenda". Waache walisikie neno hilo likitoka kwa mtu anayeheshimika.

Kuhusu kuwahoji wazee: mtoto asiende na "zamani ilikuwaje?" Atapewa hotuba ya maadili na arudi. Aende na vitu. Kwa mzee wa Kongwa aliyekuwa mtoto wakati wa karanga, aulize trekta lilisikika kutoka wapi, kibarua alikula nini mchana, mshahara ulilipwa siku gani. Kwa aliyeishi karibu na kambi ya wapigania uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1964 na kupokea watu wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, aulize walinunua nini sokoni na waliongea lugha gani. Aanze kwa "shikamoo", au "mbukwenyi" kama ndiyo salamu ya nyumba ile, na aombe ruhusa kabla ya kuandika jina la mtu. Akikatazwa, aandike "mzee wa kijijini".

Waandike wao

Mwisho wa yote mtoto aandike ukurasa wake wa historia na ukurasa wake wa hadithi juu ya tukio moja la kwao. Urefu usizidi ukurasa kwa kila moja, la sivyo utasahihisha hadi Pasaka. Chini ya hadithi aongeze neno la mwandishi lenye sehemu tatu: haya nimeyathibitisha, na nimeyapata wapi; haya nimekisia, na kwa nini; haya nimeyabuni. Maksi nyingi ziende hapo. Mtoto mwenye hadithi dhaifu na neno la mwandishi lililonyooka amelielewa somo kuliko mwenye hadithi tamu asiyejua ametoa wapi.

Tarajia matatizo mawili. Wapo watakaoandika "nimeyathibitisha kwenye intaneti" bila kueleza zaidi. Warudishe wakataje nani aliandika. Na wapo watakaogundua kwamba babu yao na kitabu havikubaliani. Usiwe mwamuzi wa haraka. Kitabu kinaweza kuwa na tarehe sahihi na babu akawa sahihi kuhusu kilichotokea kijijini kwake, maana matukio hayafiki kila mahali siku moja. Waandike yote mawili, kila moja na chanzo chake.

Kurasa zikikamilika, zishone pamoja, andika mwaka na darasa kwenye jalada, uweke nakala moja kwenye maktaba ya shule na nyingine uiombee nafasi Maktaba ya Mkoa. Acha karatasi chache tupu mwishoni, zenye kichwa "Masahihisho", ili darasa la mwaka ujao liandike pale walipowakamata wenzao.